Seva Zinapoacha Kusikizana: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu Hatua kwa Hatua

SOMO LA TEHAMA
Kitengo cha Mawasiliano ya Umma

Mwananchi anapofika kwenye dirisha la malipo au la hospitali na kuambiwa "sistimu iko chini", hana njia ya kujua ni kitu gani hasa kilichoanguka. Pengine umeme upo, intaneti ipo, na kompyuta ya karani inawaka vizuri. Tatizo linaweza kuwa katika chumba cha seva, ambako mashine zilizopaswa kufanya kazi kama moja zimeacha kusikizana.

Somo la toleo hili limeandaliwa kwa ajili ya vijana wanaosomea TEHAMA katika vyuo vyetu vya kiufundi, wahudumu wa kompyuta katika ofisi za kaunti ndogo, hospitali na vyama vya ushirika, na karani yeyote anayetaka kuelewa kinachoendelea anapoambiwa asubiri. Amri zitakazotajwa ni za mfumo wa Linux, unaotumika sana kwenye seva. Hospitali tutakayoitumia kama mfano ni ya kubuni, lakini hitilafu zenyewe ni za kila siku.

KWA NINI SEVA TATU?

Tuseme hospitali ya kaunti ndogo ina seva tatu: A, B na C. Kila moja ina nakala ya rekodi za wagonjwa. Mama mjamzito akisajiliwa kliniki, maelezo yake huandikwa kwenye seva A na papo hapo kunakiliwa kwenye B na C. Seva A ikizimika, B huchukua kazi na daktari huenda asitambue kwamba kuna lililotokea. Seva zinazosaidiana hivi huitwa klasta, na kila moja ndani ya klasta huitwa nodi.

Ili zifanye kazi hiyo, seva hizi huwa na njia mbili. Njia ya kwanza ni ya makarani na madaktari. Njia ya pili ni ya seva peke yake, na huitwa mtandao wa faragha. Anwani zake huchaguliwa kutoka mafungu matatu yaliyotengwa kwa matumizi ya ndani katika waraka uitwao RFC 1918 wa mwaka 1996: zinazoanza na 10, zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Anwani hizi hazipitishwi kwenye intaneti ya umma. Katika mfano wetu, A ni 10.20.5.11, B ni 10.20.5.12 na C ni 10.20.5.13, na kadi ya mtandao wa faragha katika kila seva inaitwa eth1.

Kwenye njia hii ya pili hupita vitu viwili. Cha kwanza ni nakala za rekodi. Cha pili ni salamu fupi ambazo kila seva huwatumia wenzake wakati wote, kana kwamba inauliza, "Mpo?" Salamu zikikosa majibu kwa muda uliowekwa, seva huamua kwamba mwenzake amekufa.

Hapo ndipo penye hatari. Fikiria makarani watatu katika kituo cha kununulia majani chai, kila mmoja na kitabu chake cha kuandika kilo za wakulima wale wale. Wakisomeana kila jioni, vitabu vitalingana. Wakikaa siku mbili bila kuonana, na kila mmoja akaendelea kuandika akidhani wenzake wameacha kazi, mkulima mmoja atakuwa na hesabu tatu. Wakati wa bonasi ukifika, atalipwa kwa kitabu kipi?

HATARI KUBWA KULIKO UKIMYA

Seva moja ikifa kabisa, kazi inaendelea kwenye zile nyingine. Hali mbaya zaidi ni pale seva zote zinapokuwa hai lakini haziwezi kusikiana, na kila upande ukajiona ndio mkuu uliobaki. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Seva mbili zikipokea rekodi kila moja kivyake, kipimo cha damu kitaandikwa upande mmoja na dawa upande wa pili, na hakuna daktari atakayeona vyote viwili.

Kinga ya hali hii ni akidi. Kama vile bunge la kaunti lisivyoweza kuendelea na kikao bila akidi, klasta iliyowekwa vizuri haikubali kuandika chochote bila zaidi ya nusu ya nodi zake kuwepo. Katika seva tatu, akidi ni mbili. Katika seva tano, ni tatu. Katika seva mbili, akidi ni mbili vilevile, na kwa hiyo moja ikipotea zote husimama. Ndiyo sababu klasta ya seva mbili huhitaji shahidi wa tatu, hata kama ni mashine ndogo ambayo kazi yake ni kupiga kura tu.

Hata wakubwa wa teknolojia wameonja jambo hili. Tarehe 21 Oktoba 2018, mafundi wa GitHub, kampuni ya Marekani inayohifadhi kazi za watengenezaji programu duniani kote, walikuwa wakibadilisha kifaa cha mtandao kilichokuwa kikiharibika. Mawasiliano kati ya kituo chao kikuu cha data na kitovu cha mtandao katika pwani ya mashariki yalikatika kwa sekunde 43 tu. Katika muda huo, mfumo wa kuchagua seva kuu uliuhamishia ukuu pwani ya magharibi. Njia iliporudi, kila upande ulikuwa na maandishi ambayo mwenzake hakuwa nayo. Kampuni iliamua kulinda usahihi wa data kwanza, kasi baadaye, na huduma zikayumba kwa saa 24 na dakika 11.

KABLA YA KUGUSA CHOCHOTE

Mhudumu anapoitwa, kishawishi cha kwanza ni kuzima na kuwasha. Vumilia. Chukua kalamu na uandike mambo matatu: saa tatizo lilipoanza, kilichobadilika karibu na saa hiyo (umeme kukatika, fundi kuingia, programu kusasishwa), na nani anamsikia nani.

Hilo la tatu lina thamani kuliko yote. Ingia kwenye kila seva na ujaribu kuzifikia nyingine mbili kwa amri ya ping. Kutoka A, kwa mfano, andika ping 10.20.5.12, kisha ping 10.20.5.13. Kwa seva tatu utapata majibu sita. Yapange kwenye jedwali, kisha usome hivi:

• A na B zinasikiana, lakini hakuna anayemsikia C wala C hamsikii yeyote: tatizo liko kwa C, au kwenye kebo yake, au kwenye tundu lake la swichi.

• Hakuna anayemsikia mwenzake: tatizo liko kwenye kitu kinachotumiwa na wote, yaani swichi yenyewe au mpangilio wake.

• A na C hazisikiani, lakini B anawasikia wote wawili: kebo ni nzima. Tafuta kanuni ya kinga, anwani au njia iliyokosewa kati ya hao wawili tu.

Kwa jedwali hilo la dakika tano utakuwa umepunguza eneo la kutafuta. Sasa anza chini na upande juu, bila kuruka hatua.

HATUA YA 1: KEBO NA TAA

Andika ip link show eth1. Ukiona neno NO-CARRIER, kadi haipati mawimbi yoyote kutoka upande wa pili. Kagua kebo, tundu na taa za swichi. Katika nyanda zetu za chai, ambako radi za alasiri na mvua ya mawe si jambo geni, tundu moja la swichi linaweza kuungua huku mengine yakiendelea kuwaka. Hamisha kebo kwenye tundu jingine kwanza. Kama hakuna badiliko, badilisha kebo. Usifanye yote mawili kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichoponya.

Kebo inaweza pia kuwa nusu mgonjwa. Amri ya ethtool eth1 huonyesha kasi. Kadi ya megabiti 1,000 kwa sekunde ikionyesha 100, shuku kebo iliyobanwa na mlango au kiunganishi kilicholegea. Amri ya ip -s link show eth1 huonyesha idadi ya makosa. Namba hiyo ikizidi kupanda kila unapoitazama, usiende mbali.

HATUA YA 2: ANWANI

Andika ip addr show eth1 na ulinganishe unachokiona na orodha yenu ya anwani. Kuna makosa manne ya kawaida.

La kwanza, anwani imebadilika. Kama seva ilikuwa ikipewa anwani na kifaa kingine badala ya kuwekewa ya kudumu, umeme ukikatika na kurudi inaweza kupewa nyingine. Nodi za klasta ziwekewe anwani za kudumu.

La pili, anwani inaanza na 169.254. Hiyo ni anwani ambayo mashine hujipa yenyewe baada ya kuomba na kukosa wa kuijibu.

La tatu, mashine mbili zina anwani moja. Dalili yake ni mawasiliano yanayokuja na kupotea. Kutoka seva ya tatu andika arping -I eth1 10.20.5.13. Majibu yakitoka kwenye kadi mbili tofauti, umempata mwizi wa anwani.

La nne, ukubwa wa mtandao haulingani. A na B zina 10.20.5.11/24 na 10.20.5.12/24, lakini C imeandikwa 10.20.5.13/29. Kwa hesabu hiyo, C inaamini kwamba mtandao wake unaanzia 10.20.5.8 na kuishia 10.20.5.15, kwa hiyo bado itawasiliana na A na B. Siku mtakapoongeza seva ya nne yenye namba 20 mwishoni, C haitaijibu, na mtamlaumu mgeni bure.

Kisha andika ip neigh. Ukiona neno FAILED mbele ya anwani ya mwenzake, maana yake seva iliita jina mtaani na hakuna aliyeitika. Rudi kwenye kebo, swichi na anwani. Bado hujafika kwenye programu.

HATUA YA 3: NJIA

Seva yenye kadi mbili inaweza kutumia mlango usio wake. Kwenye A andika ip route get 10.20.5.13. Jibu linapaswa kutaja eth1. Likitaja eth0, basi salamu za faragha zinatumwa kwenye mtandao wa ofisi, ambako huenda zinazuiwa au, vibaya zaidi, zinapita mahali ambapo mtu asiyehusika anaweza kuzisoma.

HATUA YA 4: UKUBWA WA PAKITI

Hapa ndipo wengi hukwama. Ping inajibu vizuri, salamu zinapita, lakini kunakili rekodi hakuendelei. Mtandao hukata data katika vipande viitwavyo pakiti, na kila kadi ina kikomo cha ukubwa. Kikomo cha kawaida ni baiti 1,500. Baadhi ya mafundi huongeza hadi 9,000 ili kuharakisha kazi. Hakuna ubaya, mradi seva zote na swichi zikubaliane. Seva mbili zikiwekwa 9,000 na swichi ikabaki 1,500, itakuwa kama barabara ya shambani yenye daraja jembamba: bodaboda inapita, lori la majani chai linakwama.

Jaribu hivi: ping -M do -s 1472 10.20.5.13. Namba 1,472 ukijumlisha na baiti 28 za kichwa cha pakiti unapata 1,500. Kama mmeweka 9,000, tumia 8972. Pakiti ndogo zikipita na kubwa zisipite, umeipata hitilafu.

HATUA YA 5: MILANGO NA KINGA

Ping hupima kama mashine inafikika. Haipimi kama programu inasikiliza. Kila programu husikiliza kwenye porti yake, yaani mlango wenye namba. PostgreSQL hutumia 5432, MySQL hutumia 3306, Galera hutumia 4567 kwa mazungumzo ya nodi, na Corosync kwa kawaida hutumia 5405.

Kwenye C, andika ss -lntup. Kama programu inasikiliza kwenye 127.0.0.1, inajisikiliza yenyewe tu na haitamjibu jirani. Inapaswa kusikiliza kwenye 10.20.5.13.

Kisha kutoka A, andika nc -zv 10.20.5.13 5432. Soma jibu kwa makini. Likiwa "Connection refused", basi kwa kawaida ujumbe umefika na hakuna programu iliyofungua mlango huo. Likiwa "timed out", ujumbe unamezwa njiani, na mshukiwa wa kwanza ni fayawoli, yaani ukuta wa kinga. Majibu haya mawili hutibiwa kwa njia tofauti kabisa.

Kwa porti kama 5405, inayotumia mtindo wa UDP usiosubiri kuitikiwa, jaribio hilo halitoshi. Tumia tcpdump -ni eth1 port 5405 kwenye A na C kwa wakati mmoja. Pakiti ikionekana kutoka A lakini isionekane kwa C, imepotea katikati. Ikionekana kwa C lakini hakuna jibu linalorudi, chunguza kinga au programu ya C.

HATUA YA 6: MAJINA NA SAA

Programu nyingi huitana kwa majina. Andika getent hosts seva-c kwenye kila nodi na uhakikishe zote zinapata anwani ya faragha, ile ile moja. Faili ya /etc/hosts iliyoachwa na mstari wa zamani huzua matatizo haya mara kwa mara.

Kisha andika timedatectl. Saa zikitofautiana sana, nodi inaweza kukataa cheti cha mwenzake kwa kudhani kimekwisha muda au hakijaanza kutumika. Seva iliyozimwa muda mrefu na betri yake ndogo ya saa ikafa ni mshukiwa mzuri.

HATUA YA 7: KLASTA YENYEWE

Njia ikishapona, usikimbilie kuwasha huduma. Uliza kwanza: nani ana kumbukumbu za mwisho? Kwa Corosync, corosync-quorumtool -s huonyesha kama akidi ipo. Kwa Galera, namba ya wsrep_cluster_size inapaswa kuwa sawa na idadi ya seva zenu. Kama nodi zote za Galera zilizimika, soma faili ya grastate.dat kwenye kila moja. Nodi iliyozimika mwisho katika hali nzuri huwa na alama ya safe_to_bootstrap: 1, na hiyo ndiyo ya kuanza. Ukianza na nodi iliyobaki nyuma, zile nyingine zitanakili uzee wake, na kazi ya asubuhi nzima itafutika.

Chukua nakala ya hifadhi ya nodi zote kabla ya kuziunganisha. Kila mara.

MAKOSA MATATU YA KUEPUKA

1. Kuzima fayawoli yote "ili tuone". Fungua porti inayohitajika pekee, kwa anwani za nodi pekee. Rekodi za afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na sheria hiyo inamtaka anayezitunza aweke hatua za kuzilinda. Mlango ulioachwa wazi usiku mmoja unatosha kuvuja siri za wagonjwa.

2. Kuzima na kuwasha seva zote kwa pamoja. Utapoteza ushahidi, na pengine akidi.

3. Kuilazimisha nodi iwe mkuu kabla ya kuhakikisha kwamba ile nyingine imezimwa kweli. Ukimya wa mwenzako si cheti cha kifo.

KARANI AFANYE NINI?

Wakati mafundi wanatafuta, kazi ya karani ni kulinda kumbukumbu. Aandike kila huduma kwenye daftari la dharura: saa, namba ya mfululizo, jina la aliyehudumiwa na alichofanyiwa. Asijaribu kuingiza rekodi ile ile mara tatu kwenye kompyuta, kwa kuwa kila jaribio linaweza kutua upande tofauti wa klasta iliyogawanyika. Huduma ikirudi, daftari hilo ndilo litakalotumika kusawazisha hesabu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Klasta ya nodi tano imegawanyika: tatu upande mmoja, mbili upande wa pili. Upande upi uendelee kuandika?

2. Ping kutoka A hadi C inajibu, lakini nc kwenye porti 5432 inasema "Connection refused". Utaanzia wapi?

3. Kulikuwa na radi jana jioni. Leo hakuna anayemsikia B, na B hamsikii yeyote. Amri ipi ya kwanza?

Majibu: (1) Wenye tatu, kwa sababu wana akidi; wale wawili wasimame. (2) Kwenye C, kwa amri ya ss -lntup, kuona kama PostgreSQL imewashwa na inasikiliza kwenye anwani gani. (3) ip link show eth1 kwenye B, kisha kebo na tundu la swichi.

Kata ukurasa huu na uubandike kwenye mlango wa chumba cha seva. Kando yake, bandika orodha ya nodi zenu, anwani zake, matundu ya swichi zinakoingia, na porti zinazotumika. Andika juu yake tarehe uliyoihakiki mara ya mwisho.